Miche Iliyonyauka Mpakani

Ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia mlio wa printa, mwanangu, na leo nitakusimulia, maana jana ulikuja kwa shangazi yako umenuna kama mtu aliyenyimwa ugali kwao. Kaa. Chai ipo.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na nilijiona najua. Nilikuwa na kiofisi hapa Tunduma, hatua chache kutoka geti la forodha, nachapa karatasi za mizigo za watu wanaovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kompyuta yangu ilitumia mfumo wa bure, huo huo unaoutumia wewe leo, unaotengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao wakijitolea, na kila mtu ana ruhusa ya kuufungua ndani na kuurekebisha. Kila aliyeingia ofisini nilimsifia mfumo wangu hata kama hakuniuliza.

Jumatatu moja mtandao wa forodha ukakatika. Malori yakasimama hadi kule Mpemba, kilomita kadhaa nyuma. Wewe umekulia hapa, unajua: foleni ikisimama, mtu mwenye akili anapanga karatasi zake, anaangalia wino, anatulia, kwa sababu mtandao ukirudi watu wote wanakuja kwa mpigo. Mimi nikaona nimepata nafasi. Kompyuta ilikuwa inaniomba kila asubuhi nipokee toleo jipya la mfumo, mnavyosema nyinyi kuapdeti. Nikabofya kukubali, nikaenda zangu kununua maandazi.

Niliporudi, loo, kompyuta haikuwa yangu tena. Menyu iliyokuwa chini imehamia pembeni, vitufe nilivyovizoea miaka mitano havionekani, na printa imenyamaza, haitambuliki. Na mtandao wa forodha nao ukarudi saa hiyo hiyo.

Wa kwanza mlangoni alikuwa Mzee Simbeye, mkulima wa kutoka Mbozi. Nje alikuwa na kenta, lile lori dogo, ya miche ya parachichi aliyoibebesha vikonyo vya miti bora kwa mikono yake mwenyewe, anampelekea binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka aanzishe shamba. Kenta haikuwa na turubai, na lile jua la Oktoba unalijua. Orodha yake ya mzigo ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, tuliiandika pamoja Ijumaa, imebaki kuchapwa tu.

Sasa sikia ujinga wangu. Ningeweza kuiweka ile orodha kwenye flashi nikampeleka mzee kwa jirani akachapiwe. Kazi ya dakika kumi. Lakini hasira zilishanipanda. Nikafungua ukurasa ambako watumiaji huwaandikia watengenezaji, nikaanza kuporomosha. Nikawaita wavivu, nikasema wanavunja kitu kizima ili waonekane wana kazi. Saa nzima, mwanangu, kwa Kiingereza, tena na kamusi pembeni natafuta neno litakalouma zaidi. Mzee wa watu amekaa kwenye benchi, kofia magotini, anadhani namwandikia orodha yake upya.

Mwishowe akaniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nami kwa kiburi nikamsomea, nikitafsiri, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akauliza kama hao watu nimewaajiri. Nikamwambia hapana, wanajitolea.

"Basi hao wako kwenye ujima," akasema. "Kwetu, mtu akija kukulimia kwa ujima akakata mche wako kwa jembe, humtukani. Unachukua jembe lako, unaingia mstari wa kando yake, mnakwenda pamoja mpaka aone mche ulipo. Ukimtukana, kesho shamba ni la kwako na mgongo wako."

Nilimsikia vizuri sana. Na bado nikabofya kutuma. Nilikuwa nimepoteza saa nzima kuandika, nikaona haya kuitupa. Wanasema ulimi hauna mfupa, na vidole navyo ni hivyo hivyo.

Nilipompeleka hatimaye kwa jirani na flashi akachapiwa, zamu ya mzee ilikuwa imepita. Alivuka kesho yake adhuhuri, na zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imelala kabisa, majani yamejikunja. Siku aliyopita kurudi alinisalimia kama kawaida, akauliza hali ya nyumbani. Afadhali angenigombeza. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Baada ya siku tatu nikafungua ule ukurasa. Kuna mtu alikuwa amejibu. Alisema sehemu ya printa alikuwa akiitunza yeye peke yake, akitoka kazini kwake, miaka sita. Alisema kosa amekwisha kuliona na alikuwa ameanza kulirekebisha. Wiki hiyo walikuwa wamemwandikia wengi kama mimi, na ujumbe wangu ulikuwa wa mwisho. Akaomba radhi kwa usumbufu, akaaga kwamba kazi hiyo anaiacha. Nilimwandikia kumwomba msamaha, sikupata jibu, wala sikuwahi kuliona jina lake tena. Ile printa ilikaa kimya miezi minane, kwangu na kwa watu nisiowajua.

Ndipo nikachukua jembe. Nikatafuta kompyuta kuukuu, na tangu hapo toleo jipya likikaribia, kabla halijawafikia watu, naliweka humo siku ya Jumamosi, najaribu kuchapa, naandika kilichokataa na kilikataaje. Ni kazi ndogo, lakini kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tuje kwako. Jana ulinisomea ujumbe unaotaka kuwatumia, kwamba toleo jipya limeharibu printa yako ya lebo, na ni mjinga gani aliyepitisha sehemu ya printa bila kujaribu. Nilitaka kwanza nilale na neno lako. Haki ya kulalamika unayo, kazi yako imesimama kweli. Lakini hukusoma majina, mwanangu. Mwisho wa tangazo la toleo wameorodheshwa waliojaribu printa. Soma la nne.

Mjinga huyo ni mimi. Nilijaribu nilizo nazo, na ya lebo sina.

Kwa hiyo nakuasa: usibadilishe kitu cha kazi siku ya kazi, hata foleni ikisimama. Kitu kikiharibika, mhudumie kwanza aliye mlangoni kwako, halafu ndiyo uandike, na uandike kilichoharibika, si tabia ya mtu usiyemjua. Kisha ingia mstarini. Jumamosi niletee hiyo printa yako, tuijaribu pamoja.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo unaopoa haraka. Na siku utakapokosea mbele za watu, mwanangu, akujalie kukutana na mtu kama Mzee Simbeye.