Misa Kando ya Mkonge

Redio ya Susu ilikoroma kwanza kabla ya kusema. Kila Jumapili asubuhi, kwetu Kalamba, mkoromo huo ulichanganyika na harufu ya mshumaa na ya sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji, nami nikajua kanisa limefika nyumbani. Ulikuwa mwaka ule wa ugonjwa, makanisa yalipofungwa. Mama aliuza mboga Emali, mji wa malori na wageni, na alikataa kuja asije akamletea mama yake maradhi. Nikiwa darasa la saba, nilibaki na Susu, yaani nyanya yangu, nikimlilia mama chini ya blanketi.

Susu hakutaka ibada ya ovyo. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akasimamisha msalaba, akavaa viatu vya kanisani na kuniagiza nami nivae vyangu. Padri wa redioni akisema "Bwana awe nanyi", niliyepaswa kujibu ni mimi, maana waumini walikuwa mimi. Hata kwaya ilikuwa mimi. Nikiimba chinichini, Susu aliniambia, "Imba kama mtu amekula." Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini changu kililazimishwa. Wakati wa Komunyo tulipiga magoti tukamwomba Yesu aje rohoni kwa kuwa hatukuweza kumpokea, na Susu alikawia pale chini hata uji ukapoa.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa amani. Ng'ambo ya ua wa mkonge aliishi Susu Ndinda, mke mwenza wake. Walikuwa wajane wa mume mmoja, aliyewaachia shamba lisilo na mpaka unaoeleweka. Hawakusalimiana kisimani wala sokoni. Kanisani tu, padri aliposema "peaneni amani", Susu aligeuka akampa mwenzake mkono bila neno, na shughuli hiyo ikaisha mpaka Jumapili nyingine. Niliwahi kumuuliza sababu. "Mkono wa kanisani ni wa Mungu," alisema. "Wa nyumbani ni wangu." Sasa redio ikisema peaneni amani, alinipa mimi mkono, kisha akabaki amesimama akitazama mlango. Aliniambia anaogopa mmoja wao atakufa kabla kanisa halijafunguliwa.

Makanisa yalipofunguliwa, watoto na wazee tuliambiwa tungoje. Niliwaona majirani wakipita na vitabu vyao vya nyimbo, wakicheka. Upweke wa siku zile sijausahau. Mwanzoni tulikuwa tumefungiwa sote, na sasa tulikuwa tumefungiwa peke yetu.

Kisha mawe ya redio yakaisha nguvu, na dukani hayakuwepo. Jumapili hiyo tulisikia Misa ikinguruma kwa Susu Ndinda, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Susu alizunguka uani kwa muda, akaingia, akatoka tena. Mwishowe alibeba kigoda chake, nami changu, tukakaa kando ya mkonge juani. Nilipojibu "Awe pia nawe", sauti nyembamba ilijibu pamoja nami kutoka upande wa pili. Padri alipofika kwenye amani, Susu alisimama akapitisha mkono katikati ya mkonge. Miiba ilimchuna, asiurudishe. Aliuacha pale hata nikaona haya kwa niaba yake.

"Ni wewe?" Susu Ndinda aliuliza.

"Ni mimi. Amani."

"Zunguka uingie ukae kwa kiti. Hiyo jua itakumaliza."

Hakuugusa ule mkono, kwa kuwa ugonjwa ulikataza. Alituwekea viti mbali na chake, na tangu hapo waumini tukawa watatu. Wagombanao ndio wapatanao, ingawa hawa, baada ya baraka ya mwisho, waliendelea kubishania mpaka, safari hii kwa chai.

Leo nina kitambulisho changu na kazi katika hoteli moja Emali. Kanisa hujaa, mikono hupeanwa tena, na mingi ninayoipokea ni ya watu nisiowajua hata jina. Susu Ndinda amezikwa upande wake wa mkonge. Miguu ya Susu imekataa safari, kwa hiyo amerudia redio. Jumapili iliyopita nilimpigia simu nikamwambia nimesikia wana wa Susu Ndinda wamekubali mpaka uwe pale anapotaka yeye, kwa hiyo sasa atulie.

"Nimetulia," alisema. "Sina hata wa kugombana naye."