Asali Niliyoitia Castor Oil Ikapelekwa Ukweni Mbooni

Wakuu, salamu zenu. Nimesoma ule uzi wa pranks za hosteli nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akaniuliza kama niko sawa. Hii yangu ni kweli tupu, na mhusika mwenzangu yuko hai.

Miaka ya themanini nilikuwa college ya ualimu huko Makueni. Kwa room tulikuwa watatu: mimi, Kilonzo mtu wa kanisa, na Mutiso, ambaye alikuwa na mchumba huko Mbooni anaitwa Ndinda.

Mutiso alikuwa shetani mwenye tabasamu. Asubuhi ya teaching practice yangu ya kwanza, alishona miguu ya suruali yangu na uzi mweusi. Nilivaa mbio mbio nikaanguka kifudifudi, na lori la college likaniacha. Nilifika shuleni kwa miguu, nimechelewa, na supervisor akaniandikia maneno ambayo sitayarudia hapa.

Nikaanza kupanga kisasi polepole. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mama alikuwa amenitumia mkebe wa asali kutoka Mwingi, na nilijua Mutiso huilamba nikienda games. Nikaimiminia castor oil, yale mafuta mazito tuliyokuwa tunanyweshwa utotoni kusafisha tumbo. Nikakoroga, nikarudisha mkebe chini ya kitanda, nikangoja.

Jumamosi natoka kufua, mkebe haupo. Suti ya Mutiso pia haipo.

"Ameenda Mbooni kwa kina Ndinda," Kilonzo akaniambia. "Si leo ndio anajitambulisha? Uncle yake aliahidi kuleta asali akakosa, so amebeba yako. Amesema utamsamehe."

Wakuu, niliacha nguo mbichi hapo hapo nikatafuta viatu.

Kwa wasiojua, kwetu Ukambani huendi kuomba msichana mikono mitupu, na asali ndiyo heshima yenyewe. Na babake Ndinda alikuwa ameshafukuza mchumba mmoja kwa kosa la kukaa kabla hajaambiwa kaa. Huyu mzee aendeshwe tumbo na asali ya Mutiso? Suruali ni suruali tu. Kumvunjia mtu ndoa ni dhambi, na nilijua Mutiso anampenda Ndinda kwelikweli.

Nilidandia lori la mchanga hadi chini ya milima, kisha nikapanda zile njia kali kwa mbio. Kifua kilikuwa kinawaka moto.

Nikawakuta wamekaa uani, mkebe umefunguliwa, mzee ameshika kijiko. Hapo mila ikanisaidia: upande ulioleta ndio huonja kwanza, ionekane hakuna ubaya. Kijiko kilikuwa kinaelekea kwa Mutiso.

"Mzee, mimi ni wa upande wake," nikasema nikihema. "Wacha nionje mimi."

Nikameza kijiko kizima. Nikasema, pole, hii imeingia moshi, tutaleta nyingine.

Mzee akainamisha mkebe kwa jua.

"Kijana, mimi niliweka mizinga kabla uzaliwe. Asali haiwekangi mafuta juu. Hii ni nini?"

Nikakiri yote, pamoja na ile suruali. Mutiso akaangalia viatu vyake. Ndinda alikuwa mlangoni na trei ya chai, hata hakuiweka chini.

Mabega ya mzee yakaanza kutetemeka. Nilidhani ni hasira, kumbe anacheka mpaka machozi.

"Mutiso, huyu amekimbia mlima yote akuje akule ubaya yake mwenyewe, ndio wewe usiaibike. Mtu hupewa rafiki kama huyo akiwa na kakitu kazuri ndani. Enda, ulete asali ingine wiki ijayo."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, bila haya. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile.

Nusu saa baadaye tumbo likadai haki yake. Choo cha mzee kilikuwa chini bondeni, na Mutiso, ndani ya ile suti, alinibebea maji safari zote bila kucheka. Karibu bila kucheka.

Leo yeye na Ndinda wana wajukuu. Nilichojifunza ni kwamba mtego wa kisasi hauchagui wa kunasa, na ukiona umeutega vibaya, kimbia ukautegue mwenyewe hata kama ni mlima.

Haya, nyinyi mlifanyiana nini huko hostelini? Leteni, lakini msiongeze chumvi.

NB: Kila Desemba Mutiso huniletea mkebe wa asali. Huwa namkaribisha vizuri, namwekea kiti, halafu nampa kijiko aonje kwanza.