Alama za Sura ya Kifafa cha Mimba

Mkunga ambaye wenzake walimtania kwa jina la Bi Taratibu, kwa vile hakufanya jambo kwa pupa, aliteuliwa kwenye jopo la kupima ubora wa miongozo ya taifa ya matibabu inayotumika. Asubuhi moja alipewa sura ya kifafa cha mimba, ugonjwa uliomchukua mdogo wake mwaka uliopita. Aliisoma kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

Ushahidi ulitosha, maelezo yalieleweka, na dozi zilikuwa sahihi. Akatoa alama za juu. Ila namna mwongozo unavyopaswa kufika zahanati haikuelezwa hata kwa sentensi moja. Hapo akaweka alama ya chini kabisa.

“Dada, umebana mno,” alisema daktari mwenyekiti wa jopo. “Kitabu chenyewe kizuri.”

“Kizuri kweli, daktari. Mdogo wangu aliposhikwa na degedege, mkunga wa zamu alikuwa hajawahi kukiona.”

Mwenyekiti akaiweka kalamu yake mezani.

“Pole sana, dada,” akasema. “Basi alama ibaki.”

“Asante.”

Alingoja machozi, hayakuja. Akafungua sura iliyofuata, ya pumu ya watoto, akaendelea kusoma.