Cherehani Iliyotoka Mtoni

Miaka ya hamsini, masika moja, Mto Mara ulifurika vibaya, na boti ya mbao ikazama upande wetu wa Kemambo. Ndani alikuwemo fundi cherehani, Mwislamu wa Tarime mjini, akivuka kwenda kushona Mugumu. Mpiga kasia aliokoka. Fundi hakuonekana tena.

Maji yalipopungua, mume wangu alianza kupiga mbizi pale boti ilipozama. Alikulia ziwani kwa wajomba zake, maji hayakumtisha. Akaleta sufuria, halafu cherehani. Aliisugua kwa majivu na mafuta mpaka gurudumu likazunguka. Mama mkwe alikasirika. Alisema mali ya mtu ambaye hajazikwa haiingizwi ndani ya nyumba. Mume wangu akamjibu kwamba hajaiba, mto ndio ulioiba.

Lakini tangu siku hiyo hakurudi mtoni. Hata nyama hakuigusa. Alinawa mikono mara kwa mara, na nilipomuuliza kulikoni, alitoka nje. Nikaanza kumwogopa, mwanamume niliyekuwa nakula naye.

Asubuhi moja mke wa marehemu akaja na kaka yake. Habari zilikuwa zimemfikia. Nilidhani atatuitia askari wa chifu. Nilimwamkia shikamoo. Aliishika cherehani, akaketi, akamgeukia mume wangu.

"Mwanangu, hii ilikuwa wapi? Ndani ya boti au nje?"

"Ndani."

"Na yeye?"

"Yupo," alisema. "Amebanwa chini ya ubao. Ilibidi nimsogeze ndipo niitoe."

Kumbe alimkuta mtu, akachukua chombo, akamwacha palepale. Mama mkwe alijifunika uso. Mjane hakulaani.

"Basi umeshamgusa," alisema. "Nenda ukanitolee."

Tulikwenda. Majirani walipiga madebe na kurusha mawe ili mamba wasisogee. Mume wangu alifungwa kamba kiunoni, mimi na kaka wa mjane tukaishika. Alizama. Kamba ilikaza, kisha ikalegea, na maji yale ya matope hayakuonyesha chochote. Nilitaka kuvuta, kaka wa mjane akanizuia, akisema tungemgonganisha na mbao. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na nilijiona tayari mjane mwenzake yule mama.

Aliibuka mikono mitupu, akatapika, akarudi. Mara ya pili alipanda na kile kilichobaki, kimefungwa kwenye shuka ya mjane. Walikwenda kumzika Tarime kwa desturi zao. Cherehani waliichukua. Sufuria mjane aliiacha, na mama mkwe akaenda kuifukia mbali na boma.

Mume wangu alianza kula nyama tena baada ya mavuno. Tulizaa, tulizeeka pamoja, na alikuwa baba mwema. Hata hivyo, kila alipoingia na kitu mkononi nilimuuliza amekitoa wapi, kabla hajakiweka chini.