Jumamosi za Chatu

Tulipoachana, mama wa mtoto wangu alinipa sharti moja tu: binti yetu atakuja kwangu kila Jumamosi, ilimradi mwenyewe anataka. Niliona ni sharti jepesi. Mtoto gani hataki kwenda kwa baba yake? Nilikuwa mtu mzima karibu wa miaka arobaini, na bado nilikuwa na ujinga wa aina hiyo.

Wao walibaki mji wa Columbia, huku ughaibuni, kwenye nyumba yenye nyasi mbele. Mimi nikahamia Takoma Park, chumba kimoja na sebule, juu ya mahali pa kufulia nguo ambako mashine zilitetemesha sakafu mchana kutwa. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Jumamosi za mwanzo alikuja, akakaa kwenye kochi bila kuvua koti, akaniuliza saa ngapi. Nilimpikia pilau, nikamkaangia viazi, nikampeleka kuona bata bustanini. Nikimsemesha Kiswahili alinijibu Kiingereza, neno moja moja, kama mtu anayejaza fomu. Mama yake akipiga honi saa kumi na moja, mtoto alikuwa mlangoni kabla honi haijanyamaza. Nilijua kabisa tunakoelekea. Jumamosi moja angesema amechoka, ya pili angekuwa na sherehe ya rafiki, na baada ya hapo hakuna ambaye angejisumbua kunipa sababu.

Kilichoniokoa ni nyoka.

Tulimwona kwenye duka la wanyama wa kufugwa, tukiwa njiani kupitia Beltsville, ambako nilikuwa mpishi katika nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa chatu mdogo, hajafika urefu wa mkono wangu, amejiviringisha na kuficha kichwa katikati hata akawa saizi ya ngumi. Mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyesuka nywele zake za mvi, alituambia kwamba aina hii hutoka Afrika Magharibi, na kwamba akiogopa hapigani, hujikunja hivyohivyo mpaka hatari ipite. Binti yangu, ambaye kwa miezi mitatu hakuwa ameniomba kitu chochote, alinishika mkono.

"Baba, please."

Nikampigia simu mama yake.

"Nyoka? Kwa nyumba yangu?" akasema. Kwao ni Kenya, bara, na Kiswahili chake kikipanda hasira huwa hakina breki. "Wewe umekuwa mwenda wazimu. Hiyo kitu ikiingia kwa hii nyumba, mimi natoka."

"Basi atakaa kwangu," nikasema haraka, na nakiri nilifurahi. Mimi, mtu wa Tanga, ambako nyoka hupigwa kwanza na jina lake likaulizwa baadaye, nilibeba sanduku la kioo hadi nyumbani huku jasho likinitoka mgongoni. Mwanangu alimpa jina. Silisemi hapa, ni lake.

Alinifundisha kila kitu, naye alikuwa amejifunza kwenye kitabu cha maktaba. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto, kwa mkeka wa umeme unaowekwa chini ya kioo, na upande wa pili uwe baridi kidogo, nyoka achague mwenyewe. Awe na bakuli la maji na mahali pa kujificha, tukamwekea chungu kilichovunjika ubavu. Chakula chake ni makinda ya panya yaliyogandishwa, na yasizidi unene wa tumbo lake. Yalikaa kwenye friza yangu, jirani na samaki wangu, na kuyapasha joto tulitumia kikombe changu cha chai chenye maua ya buluu. Tangu siku ile sikukinywea tena.

Jumamosi ikawa na utaratibu wake. Kwanza anamshika, nyoka anazunguka kwenye kiganja chake bila haraka. Kisha anampima kwenye mizani yangu ya jikoni, ndani ya bakuli la wali, na kuandika uzito kwenye kalenda. Chakula kilikuja mwisho, kwa sababu akishakula haguswi siku mbili nzima, asije akatapika. Mwanangu alilishika kinda kwa koleo refu, akalitikisa kidogo, nasi tukaacha kupumua. Chatu alinyoosha shingo, akaonja hewa kwa ulimi, akaruka. Alilibana, akatulia, halafu akaanza kulimeza kuanzia kichwani, taratibu, taya zikipishana.

"Good boy," mwanangu alinong'ona. "See, Baba? He's growing."

Na kweli alikua. Alijivua ngozi nzima nzima, na mwanangu alizibandika ngozi zile ukutani kwangu kwa gundi ya karatasi. Yeye mwenyewe alianza kuvua koti mlangoni. Kiingereza chake kikawa kirefu. Nilijua kwamba anaogopa lifti, kwamba hucheka kwa pua, kwamba anapenda kuamrisha na hapendi kusahihishwa, na hilo sina wa kumlaumu, kalitoa kwangu. Mtoto niliyemzaa nilimjua kwa sababu ya nyoka. Nilijua pia kwamba haji kwangu, anakuja kwa nyoka, na sikuona haya kufaidi.

Baridi ilipoingia, chatu aligoma kula.

Wiki ya kwanza hatukujali. Wiki ya pili mwanangu alitikisa koleo mpaka mkono ukachoka, na nyoka akageuzia uso kwenye chungu. Nilimpigia simu yule mwanamke wa dukani. Alisema ni kawaida, wengi wa aina hii huacha kula majira ya baridi, tuangalie joto, tupime uzito, usiposhuka sana tumwache.

"He's just fasting," mwanangu akasema. "Kama Ramadan."

"Mimi nafunga mwezi mmoja, na kila jioni nafuturu," nikamjibu. "Huyu anafuturu lini?"

Alicheka, halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Baba, don't bother him. Usimpe kitu mpaka nije. Promise?"

"Naahidi," nikasema.

Lakini mimi ni mpishi wa wazee. Kwa miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nimeona jambo moja: sahani zikianza kurudi jikoni zimejaa, baada ya wiki chache kitanda hubaki kitupu. Kila asubuhi niliinua kile chungu, nikamkuta amejikunja palepale. Akilini nilimwona amekufa. Nilimwona mwanangu amekaa kwenye kochi na koti lake, akiniuliza saa ngapi. Wiki ya tano uzito ulikuwa umeshuka kidogo sana, kiasi ambacho mwanangu hakukijali hata kidogo, na mimi nikakosa usingizi.

Kwetu Tanga mgeni hutengewa sinia, pazia likavutwa na wenyeji wakatoka. Kumkodolea mtu macho anapokula ni kumhesabia matonge. Desturi hiyo nilikuwa nimeshaitumia kazini. Palikuwa na mzee mmoja ambaye wauguzi walimkalia na kijiko mpaka akafumba mdomo moja kwa moja. Nikamwekea sahani yake, nikafunga mlango, nikaenda zangu. Niliporudi alikuwa amekula yote. Nilisifiwa sana kwa hilo, na sifa zikaniharibu akili. Nikajiambia chatu naye amechoka kukodolewa macho na watu wawili kila Jumamosi. Nikajiambia pia kwamba amechoka na nyama ya friza, kama ambavyo mimi huichoka.

Siku ya Alhamisi nilinunua panya mzima, hai, mkubwa, maana mwenye njaa ya wiki tano hawezi kupewa kinda. Sikwenda kwa yule mwanamke. Nilikwenda duka jingine, ambako hakuna ambaye angeniuliza kitu, kwa hiyo nisijifanye sikujua kwamba nafanya kosa. Nilimwachia panya ndani ya sanduku, nikafunika kioo kwa kanga ili wasisumbuliwe, nikaenda kazini. Kutwa nzima nilikuwa na furaha. Nilipiga hesabu ya jinsi nitakavyomwambia mwanangu Jumamosi, nimwone anavyocheka kwa pua.

Nilirudi saa kumi alasiri, nikavuta kanga. Panya alikuwa amekaa ukingoni mwa bakuli la maji, ananawa uso. Chatu alikuwa amejikunja, kichwa ndani, na mgongo wake ulikuwa umetafunwa sehemu tatu, nyama nyeupe inaonekana. Hakuwa amepigana. Panya naye alikuwa na njaa, nami sikumwachia hata punje ya mahindi.

Nikapiga simu Columbia. Ningeweza kusubiri, ningeweza kutunga uongo, na uongo nauweza. Lakini mama yake ni muuguzi, na sikuwa na mtu mwingine wa kumwita. Walifika wote wawili, yeye na sare zake za kazi, mtoto na begi lake la shule mgongoni.

 Mama yake alinawa mikono, akaomba maji ya uvuguvugu, na yeye ambaye hakutaka hata kusikia neno nyoka alimshika chatu kwa mikono yake miwili na kuanza kumsafisha vidonda. "Kwani uliacha rat na yeye siku mzima?" aliniuliza mwishowe, bila kuinua macho. "Si mtoto alikuwa amekushow?"

Mwanangu alikuwa amesimama karibu na friji. "You promised," akasema. Mara moja tu, na hakupaza sauti.

Angepiga kelele ningejua la kufanya. Ule upole wake ulinichoma, na mimi nikichomwa hutafuta wa kumchoma.

"Ni nyoka tu!" nikafoka. "Mnanitazama kama nimeua mtu! Nyoka tu huyu!"

Mashine za chini zilikuwa zinazunguka. Mwanangu alinitazama, na niliona anavyonijua upya. Katika sisi watatu mle ndani, aliyejua zaidi kwamba yule hakuwa nyoka tu ni mimi. Nilitaka kulirudisha neno lile, nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi.

Walimchukua. Alihitaji daktari wa wanyama, na baada ya hapo dawa asubuhi na jioni, na mimi kuanzia kesho yake nilikuwa na zamu ya asubuhi na ya jioni. Mama yake alisema atamweka kwenye chumba cha kufulia mpaka apone. Sanduku la kioo nililibeba mwenyewe kushuka ngazi, nikalifunga kwa mkanda wa kiti cha nyuma cha gari lao, nikarudi juu kuchukua ule mkeka wa umeme kwa sababu waliusahau. Nilikimbia nisije nikawachelewesha.

Jumamosi iliyofuata mtoto hakuja, kidonda kilikuwa kibichi. Iliyofuata alikuja, akakaa na koti. Tulizungumza habari za dawa. Aliangalia mahali palipokuwa na sanduku, pakiwa na alama ya mraba kwenye zulia, na saa tisa akaomba ampigie mama yake simu. Baada ya hapo alikuwa amechoka. Baada ya hapo palikuwa na sherehe ya rafiki.

Baridi ilipoisha, siku moja simu ililia. "Baba, he ate!" Nilipiga kelele ya shangwe mpaka jirani akagonga ukuta. Mtoto alinieleza yote: alivyoruka, alivyobana, alivyomeza. Mama mtu mwenyewe ndiye aliyekishika kikombe cha maji ya moto. Nikamwambia mwanangu amefanya kazi nzuri sana, na nilisema kweli. Nilipokata simu nilikaa chini, pale penye alama ya mraba, nikalia kwa sauti.

Mwanzoni mwa kiangazi mama yake alinikaribisha nikamwone. Nilipanda basi hadi Columbia nimevaa shati la kupiga pasi. Chatu alikuwa kwenye sanduku jipya, kubwa, sebuleni, pembeni ya picha za familia ambazo mimi simo. Alikuwa amenenepa na kung'aa, mrefu kuuzidi mkono wangu. Makovu yalikuwa yamebaki vipande vitatu vya kijivu vilivyofifia.

Mwanangu alimtoa, akaniwekea mikononi. Kwa miezi yote ile aliyokaa kwangu sikuwahi kumshika hata mara moja, mwoga mimi. Alikuwa mzito, mkavu, na mwenye uvuguvugu upande mmoja, ule aliokuwa amelalia. Alizunguka kiganja changu bila haraka. Mwanangu alinirekebisha mkono, akaniambia nisikaze vidole, na alikuwa mpole kabisa, mpole kuliko nilivyostahili.

Nikaona hapo hapo ndipo pa kuuliza, nikiwa bado na nguvu. "Na Jumamosi?" nikasema. "Utakuja?"

Alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa swali, akamtazama chatu, akanitazama tena. Halafu alinijibu kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno, pengine ili nisiumie.

"Lakini sasa yuko huku, Baba."

Nikasema ni kweli, yuko huku, nikamrudishia nyoka wake.