Tone la Manjano

Shangazi yangu anafuga wadudu, na anayemcheka anamwacha acheke mpaka achoke. Chumba cha nyuma, ambacho mwingine angempa mpangaji, amekijaza ndoo zilizofunikwa chandarua. Ndani mna wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari, vile vidudu vinavyofyonza majani ya mboga. Wakulima wa pilipili hoho hununua kwake.

Ana desturi ambayo hakuna wa kumwachisha. Kabla ndoo haijatoka, huchukua wadudu kadhaa na kuwabana taratibu kwa kidole. Mdudu mwenye afya hutoa tone la manjano magotini, kali kiasi kwamba sisimizi akilionja hugeuza njia. Ndoo isiyo na matone haiendi popote.

Msimu huu vidukari vya kuwalisha wadudu wake viliisha mapema, akawapa unga wa mayai na maji ya sukari. Walinenepa, wakapendeza. Kisha ukungu mweupe ukaingia kwenye ndoo mbili. Alipowabana, wanene walitoa majimaji tu. Wagonjwa hawakutoa kitu.

Asubuhi hiyohiyo akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake na mwenyekiti wa wakulima, kuchukua ndoo. Alipoambiwa hazitoki alicheka, akauliza kama hao wanene wanasubiri harusi. Alipoona hatanii, akapandisha sauti: basi wangepiga sumu shamba zima. Hapo niliogopa, maana sumu ikipigwa, wadudu wa Shangazi hawana pa kwenda na yeye hana kazi. Nilimsihi Shangazi awatoe tu, yaishe. Alinikata jicho, nikanywea.

"Shemeji, hawa nikiwatoa leo ni chakula cha sisimizi," alisema. "Nipe lile tuta la mwisho, lililojaa vidukari, mpaka Jumamosi. Ukipiga sumu kabla ya hapo, anza na mimi."

Shemeji alikubali shingo upande, nadhani kwa hamu ya kumwona akiumbuka. Shangazi alizichoma mwenyewe ndoo mbili za wagonjwa, machozi yakimtiririka, wala hakutaka mtu amguse. Waliobaki aliwahamishia kwenye tuta, akawafunika chandarua ili wajilie vidukari hai hadi washibe. Majirani walipita wakimuuliza kama anawasomea na hadithi. Aliwajibu kwamba jioni, ndiyo.

Jumamosi Shemeji alifika na bomba la sumu mgongoni, limejaa. Shangazi hakumsalimia. Alifunua chandarua, akachukua mdudu, akambana. Tone lilitoka, la manjano kama kiini cha yai, likamkaa kidoleni. Akakinyoosha kile kidole.

"Onja."

Shemeji ni mbishi wa kuzaliwa, akalamba. Uso ukamkunjamana, akatema mate huku na huku mpaka yakamwishia, akaomba maji.

Shangazi alikuwa na chupa ya maji mkononi. Alimwambia kwanza ashushe bomba.