Redio Waliyonifungulia Mutomo

Siku hizo nilikuwa navaa tisheti ya kijani yenye nembo ya redio kifuani, na popote nilipoingia Mutomo niliikuta redio yetu ikiimba. Kinyozi aliifungua. Mama aliyeuza ndengu na kunde sokoni aliifungua, akanipa na kikombe cha uji. Hata karibu na lango la hospitali ya misheni, ambako watu hungoja wagonjwa wao wakiwa wameegemea ukuta, mzee mmoja alitoa kiredio cha sola mfukoni mwa koti, akazungusha kitufe taratibu mpaka akaupata wimbo wetu, kisha akanitazama kama mtu aliyenikaribisha kiti. Jua lilikuwa kali. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye vivuli vya maduka, na gitaa la zamani lilitoka mlango huu likaingia mlango ule, likinifuata. Nilitembea ndani ya sauti ile kama mtu anayeota. Kwenye fomu nikaandika: wanaipenda. Fomu ya kwanza, ya pili, ya thelathini.

Nilikuwa nimepita arobaini, na tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa na kazi moja muda mrefu. Nilikuwa nimeuza ndoo Migwani, nimeandika vibao vya maduka mjini Wote, nimelinda stoo ya mbegu mahali ambapo sasa nimesahau hata rangi ya mlango wake. Kazi ya redio ilinifaa kwa sababu ilikuwa ya kutembea. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, mjini Kitui, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na kilitaka mtu wa kuzunguka akiuliza watu wanasikiliza nini.

Mwenye kituo tulimwita mzee ingawa tulikuwa rika moja. Alikuwa amekwenda Mombasa kwenye harusi, akakuta huko redio moja inapiga nyimbo alasiri nzima bila mtu kuongea, na kila duka limeifungua. Alirudi na wazo hilo kama mtu aliyerudi na mche wa ugenini, tayari kuupanda popote.

"Muziki ni muziki," alituambia. "Sikio la Mombasa na sikio la Kitui yote ni masikio."

Kipindi hicho cha nyimbo alimpa dada mmoja ambaye familia yake ilitoka Pwani zamani, ikafungua duka Kitui na kubaki. Alizaliwa hapo; Kikamba chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesoma matangazo ya vifo. Aliyasoma vizuri mno, na hiyo ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwona akifanya kitu kingine. Baba yake alifariki asubuhi moja, mazishi yakawa alasiri ile ile kama ilivyo desturi yao, na studioni hapakuwa na mtu mwingine. Akamsoma baba yake mwenyewe. Akasoma majina ya watoto aliowaacha, lake likiwa la tatu.

Haya aliniambia akikoroga chai, bila kuinua macho.

"Tangu siku hiyo nikishika karatasi ya tangazo mkono unakuwa baridi, kaka. Sasa nimepewa masaa mawili ya nyimbo. Mutomo wakinikubali, sirudi tena kwenye zile karatasi. Wakinikataa, mzee amesema narudi."

Mjini Kitui walikuwa wameshamkubali. Ukipita saa nane mchana ungesikia kipindi chake kwa mafundi cherehani, kwa wauza viatu, kwenye kibanda cha mahamri karibu na msikiti. Nilikuwa na wakati mwingi wa kufikiri njiani, na nilifikiri hivi: mjini watu wamekaa karibu bila kujuana. Mteja anangoja, fundi anashona, hawana la kuambiana. Muziki unakuwa pazia jepesi kati yao, kila mmoja anapumzika upande wake. Dada aliongea mara mbili tu kwa saa, kwa sauti ya chini, kisha pazia likarudi. Niliamini pazia hilo linaweza kutundikwa popote.

Mzee aliposoma fomu zangu alipiga meza kwa furaha. Kipindi chetu kipya kilikuwa kimeshika hata kusini, upande wa Mutomo. Ili nyimbo zipate alasiri nzima, aliyatoa matangazo ya vifo saa kumi jioni na kuyapeleka saa nne asubuhi, akamwachia kijana mwingine ayasome. Dada alininunulia soda. Tulisimama dirishani tukitazama mji, na nilijihisi mtu mwema.

Miezi ikapita. Ujumbe wa wasikilizaji ulikuja kutoka mjini, kutoka Mwingi, mmoja kutoka Migwani. Kutoka Mutomo haukuja hata mmoja. Mzee akanituma tena.

Asubuhi hiyo tisheti ilikuwa kwenye kamba, imelowa, basi nikaenda na shati langu la kawaida. Nilifika Mutomo saa kumi na dakika kadhaa na kusimama katikati ya soko. Sikusikia wimbo wetu hata mmoja. Kinyozi alikuwa na mahubiri. Kwingine kulikuwa na ngoma za Kikamba zenye gitaa la mbio, kila kibanda na wimbo wake, hakuna viwili vinavyofanana. Ilikuwa kama kuingia nyumba unayoijua na kukuta vyumba vimehamishwa.

Nilikwenda kwa yule mama wa ndengu. Hakunikumbuka.

"Mwaitu," nilimwita, kama tunavyowaita mama zetu, "leo hufungui ile redio ya nyimbo?"

"Ya nini?"

"Si usikie nyimbo."

Akacheka, akakigonga kiredio chake kwa kidole. "Nyimbo niko nazo humu ndani, kwa memori kadi. Fundi wa simu alinijazia mpaka ikakataa. Lakini nani amekufa Ikutha, hii kadi itaniambia?"

Jirani yake aliyeuza kamba za katani alidakia. "Na si siku ya yule mgeni uliifungua?"

"Yule wa tisheti ya kijani? Ai! Mtu akuje kwako na redio yake kifuani, utamwekea ya jirani?"

"Hata mimi nilifungua," yule wa kamba akasema. "Nikakosa mahubiri yangu."

"Alikuwa amejaa vumbi, maskini, anaandika tu, anaandika tu. Tukasema wacha afurahi."

Walicheka mpaka yule wa kamba akafuta macho kwa ukingo wa leso. Mimi pia nilicheka, nikitafuta mahali pa kuweka mikono. Soko zima lilikuwa limenikirimu. Walinipa redio kama watu wanavyompa mgeni maji, nami nikayahesabu yale maji kuwa mvua.

Kisha mama akaacha kucheka. Aliinua kikapu chake cha kiondo kilichokuwa mapajani.

"Hiki ni rika yangu alinisukia. Tuliolewa mwaka mmoja, yeye Ikutha, mimi hapa. Alizikwa Ijumaa. Mimi nikajua Jumapili, kanisani, watu wakinipa pole na sijui ni ya nini. Zamani saa kumi nikifunga magunia nasikia majina yote. Siku hizi wanasoma saa nne asubuhi. Saa nne mimi niko kwa foleni ya maji. Nani aliwaambia wabadilishe?"

Ningeweza kuondoka. Nimeondoka mahali pengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Ni mimi, mwaitu," nikasema. "Ndimi yule wa tisheti."

Alinitazama kifuani, palipokuwa na nembo siku ile. "Na ulikunywa uji wangu," akasema. Akarudi kuchagua ndengu, akitoa mawe na kuyaweka kando, moja moja.

Sikurudi Kitui moja kwa moja. Huo ndio ugonjwa wangu: nikiwa na neno gumu la kumwambia mtu, miguu hutafuta njia ndefu. Nilivuka hadi Makueni, nikaendelea kupanda, na siku ya pili nikajikuta Nunguni, juu kabisa, ambako ukungu huingia sokoni bila haraka na watu huvaa makoti mchana. Nilitembea katikati ya mikokoteni ya kabichi nikisikia sauti za watu kabla ya kuwaona. Halafu, kutoka mlango mmoja wenye taa, nikasikia sauti ya dada. Nilifikiri ni uchovu.

Ndani alikuwepo mama mmoja akifuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, ile ya kusukuma kwenda na kurudi, kraa, kraa. Redio ilikuwa juu ya kabati. Hakuna aliyewahi kutuma mawimbi yetu Nunguni, lakini milima ile iko juu, inapokea kila kinachopita.

"Unaisikiliza hii kila siku?" nikamuuliza. Shati langu halikuwa na nembo yoyote.

"Kila siku, hadi waifunge." Hakusimamisha mkono. "Zile zingine wanaongea sana. Wakiongea nasikiliza, nikisikiliza napoteza hesabu ya mishono, mkono mmoja wa sweta unatoka mrefu. Mtoto wa watu aende shule kama nyani?" Kraa, kraa. "Huyu haongei. Huyu ananiacha na hesabu yangu."

Nikampigia dada simu. Wimbo ulikuwa hewani kwa hiyo aliweza kupokea. Niliinua simu karibu na redio, mashine ikisukumwa, wimbo ukipita kutoka kwake kuja mlimani na kumrudia.

"Uko wapi?" akauliza baadaye.

"Nunguni."

"Na Mutomo?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye ukungu nje ya mlango. Mgeni na ukarimu, kadi ya memori, foleni ya maji, rika wa yule mama. Nilisikia wimbo ukiisha upande wake na mwingine ukianza.

Kesho yake nilirudi Kitui, nikamwambia mzee vilevile, na nikaitaja Nunguni kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Nikamwambia kuna watu ambao kazi yao inataka muziki usio na maneno mengi, na wako kule juu, na tayari wanatusikia.

"Nani anatangaza biashara kwetu alasiri?" akaniuliza.

"Duka la mabati."

"La wapi?"

"La hapa Kitui."

"Basi niambie, huyo mama wa sweta atatoka Nunguni kwenye baridi yake aje kununua mabati hapa, ayabebe kichwani?" Hakuwa mtu mbaya. Alilisema kwa huzuni, mche wake ukiwa umekauka mkononi. "Vifo vinarudi saa kumi. Na kule kusini wanataka sauti waliyoizoea."

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa nimejiandaa. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Huyo rika wa mama, alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimejaza fomu thelathini na sikuwa nimeuliza jina hilo.

"Rudi ukaulize," akasema. "Uulize na watoto wake ni nani."

Nikarudi. Mama alinitajia jina, na majina ya watoto sita, na la mume aliyetangulia, na jina la utani la usichanani ambalo aliniomba lisisomwe. Nilimtumia dada kwa simu. Mama akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae, na saa kumi akafungua redio. Safari hii hakunitazama kuona kama nimefurahi.

Sauti ilikuwa ileile ya chini. Akasoma mtu wa Kanziku, akasoma mzee wa Voo. Lakini baada ya kila jina hakukimbilia linalofuata. Aliacha wimbo mdogo usio na maneno, gitaa tu, labda nusu dakika, kama mtu anayengoja mgeni avuke kizingiti. Soko lilianza kunung'unika. "Ameanza tena nyimbo zake," mtu akasema. Jina jingine, gitaa jingine. Nilijua mkono wake ulivyokuwa juu ya zile karatasi, na nilijua hakuna mwingine sokoni aliyejua.

Ndipo akamsoma rika wa mama. Akasema wazi kwamba alizikwa siku nyingi zilizopita na kwamba tangazo hili limechelewa. Akasoma watoto wote sita. Mama aliacha kuchagua ndengu. Gitaa likaingia, na safari hii lilikaa zaidi, likiteremka juu ya magunia na kamba za katani na mbuzi waliolala, hadi jirani akadhani matangazo yamekwisha na kunyoosha mkono azime.

"Wacha," mama akasema. "Hajamaliza."